Kisanduku cha Herufi Ndani ya Lori la Marjan

Mkitaka kutengeneza mchezo wa herufi wa kusafiri nao, msianze na herufi. Anzeni na barabara. Yetu ilikuwa ile ya kutoka Arua kwenda Koboko, ya udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi magurudumu yalikuwa yameichonga vituta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia nguo. Chochote ulichopakia kilicheza ngoma mpaka mwisho wa safari. Nimeona maziwa yaliyopandishwa lori Arua yakishushwa Koboko yameshaanza kuwa siagi. Sasa chukua ubao wenye herufi mia, ndogo kama kucha, uweke katikati ya watu wawili ndani ya lori hilo, uone kama kuna neno litakalofika salama.

Nawaambia haya nyinyi vijana mnaocheza michezo hii kwenye simu, ambako herufi haianguki hata ukiigeuza simu juu chini. Msiniamini kwa sababu nina mvi. Mimi mwenyewe sikuwa namwamini mtu yeyote. Nilirudi Arua kutoka chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na shahada, suruali mbili na maswali mengi. Kazi niliyoahidiwa haikuwepo. Nilipofika, mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli, na mlinzi hakujua ufunguo uko kwa nani. Nyumbani kwetu ni Aroi, na nilijua nikirudi huko bila kazi nitapewa jembe na maneno. Ndivyo nilivyoingia karakana ya Mzee Rajabu kuomba kivuli, nikakaa humo kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia.

Mzee Rajabu alikuwa fundi seremala, Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa kutoka Sudani. Alitengeneza vitanda, masanduku ya nguo, na vile vibao vya kukunja vya kuwekea msahafu. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Wewe nasoma miaka mingapi?"

"Kumi na sita, mzee."

"Na hapana jua kushika randa?"

"Hawakutufundisha."

"Basi ile kumi na sita iko nyuma. Leo iko siku ya kwanza. Shika."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Digirii. Aliniruhusu kuuliza swali lolote kwa sharti moja, kwamba mikono isisimame. Nikamuuliza kwa nini anaweka kipande cha mbao shavuni kabla ya kukikata. Akanijibu kwa kuniwekea shavuni vipande viwili, kimoja kikavu na kimoja kibichi. Kibichi kilikuwa cha baridi. Mbao yenye maji ndani hupoza ngozi, na hakuna kipimo chochote nilichosomea kilichowahi kunidanganya mara chache kama shavu langu.

Mchezo wenyewe niliuleta mimi. Rafiki yangu wa chuoni alinigawia mmoja mdogo wa plastiki, uliotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya wasafiri: ubao wa miraba unaokunjwa, na vijiherufi vya kupanga maneno yanayokatana. Kila mtu huchota herufi saba bila kuchungulia, huunda neno, huhesabiwa pointi. Mzee hakujua herufi za kizungu. Alisoma za Kiarabu, alizojifunza utotoni. Lakini alichukua zile za plastiki moja moja, akazipapasa kama mbegu, akaishika X.

"Hii moja iko na kazi gani?"

"Kwa Kiswahili haina kazi, mzee."

"Nafanana na wewe siku ile naingia hapa."

Kweli, herufi za mchezo ule zilikuwa zimegawanywa kwa lugha ya watu wengine. Ukicheza kwa Kiswahili, A zinakwisha kabla hamjapata joto, na K mnazipigania kama nyama. Nikachukua magazeti yaliyofungia samaki sokoni, nikahesabu herufi ukurasa kwa ukurasa, huku karakana nzima ikinuka. A ilizishinda zote kwa mbali. Q na X nikazitupa, A na I nikaziongeza mpaka Mzee akauliza kama nazipanda shambani. Nilijivuna sana kwa kazi ile. Nilidhani ugumu wote ulikuwa pale.

Herufi za kwanza nilizikata kutoka kwenye vibuyu, kwa sababu ni vyepesi, na wanawake wa kwetu wanajua kuvichora kwa waya wa moto. Zilipendeza kweli. Lakini kibuyu kina mgongo, hakikai sawa juu ya ubao. Tukahamia vipande vya mbao ya mtiki vilivyobaki kwenye vitanda. Kila herufi tukaitia kijiti cha mwanzi chini, na ubao tukautoboa matundu. Kiangazi kilipofika vijiti vikasinyaa, herufi zikaruka kama panzi. Mvua ziliporudi vikavimba, na mwalimu mmoja niliyemuuzia mchezo alinirudishia akiwa ameng'oa herufi tatu kwa koleo.

Suluhisho lilitoka kwenye baiskeli. Watu wa Lobule walikuja mjini kwa baiskeli, na spoki zilizokatika hazikuwa na kazi nyingine. Spoki haisinyai wala haivimbi. Lakini ukiweka kipande kimoja tu, herufi huzunguka. Ukifika unakokwenda, neno "samaki" linatazama pande tano. Kwa hiyo tukaweka vipande viwili, kimoja karibu na ukingo na kingine ndani kidogo, ili herufi iweze kukaa kwa namna moja tu, isigeuzike. Hilo la kutogeuzika lilikuwa wazo langu. Naomba mlikumbuke mtakapofika mahali pa kunicheka.

Hapo ndipo alipokuja Marjan.

Marjan alikuwa dereva wa lori, Mnubi wa Koboko, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti kubwa na aibu moja. Hakujua kusoma. Utotoni alifika chuo cha Kurani kwa shehe, akazijua herufi za Kiarabu, kisha akaingia kwenye magari na hakutoka tena. Kwa miaka mingi alikariri mizigo kichwani. Halafu siku moja akapeleka Dranya magunia yaliyotakiwa Lobule. Aliyempakilia alisema Dranya, karatasi ilisema Lobule, na karatasi ndiyo iliyoaminiwa. Tajiri wake, Haji Swaleh, mwenye lori na ghala kule Koboko, akatoa sheria: mvua zikiisha, kila dereva atasoma karatasi mbele yake. Asiyeweza aache ufunguo mezani.

"Mimi hapana jua kazi nyingine," Marjan alituambia, amekaa kwenye kitanda ambacho hakijamalizika. "Mkono hii najua usukani tu. Watoto sita iko nyumbani. Shule ya watu wazima iko saa kumi, na saa kumi mimi niko njiani. Nasikia nyinyi natengeneza shule ya kubeba."

Hakuna aliyewahi kuuita mchezo wetu hivyo, nami nikaupenda zaidi.

Mwalimu alikuwa naye tayari. Mama Feza alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Kongo, Mkristo, aliyesomeshwa na masista. Kila wiki alipanda lori la Marjan na vitenge vyake, na alikaa mbele, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia akae nyuma. Alikuwa anacheza mchezo wetu kabla ya hapo na kuwashinda walimu.

"Ntamufundisha," alisema alipokuja na Marjan karakanani. "Lakini akishindwa asilie. Huyu mutu analiaka."

"Nani analia?"

"Siku ya pancha ya Aroi ulilia."

"Ile ilikuwa vumbi, Mama."

Tukapima lori. Malori yale yalikuwa na injini ndani ya kabini, katikati ya dereva na abiria, na juu yake mfuniko wa bati wenye mgongo kama wa kobe. Pale ndipo pa kuweka kisanduku: dereva upande wa kulia, abiria upande wa kushoto, ubao katikati. Mfuniko ule uliwaka moto kiasi cha kuyeyusha gundi, kwa hiyo kisanduku kilihitaji miguu ya kukiinua, na kwa sababu ya mteremko, miguu isiyolingana, miwili mirefu na miwili mifupi. Kikishakaa hakigeuki. Nilichora kwenye karatasi, nikaweka mshale kuonyesha upande wa dereva, ili herufi zimtazame Marjan. Mama Feza angeweza kusoma hata kutoka juu ya paa.

Mzee Rajabu aliichukua karatasi, akaisoma kama alivyosoma maisha yake yote, kuanzia kulia. Miguu mirefu ikatoka upande wa mifupi, na mifupi upande wa mirefu. Mshale hakuuliza ni wa nini. Alidhani ni pambo.

Mimi ndiye niliyekipeleka kisanduku kwenye lori. Mimi ndiye niliyekijaribu. Nilipanda, nikakifunga kwa mkanda, nikapanga neno, nikalisoma, nikatikisa, herufi hazikutoka. Nikateremka nikiimba. Lakini sikuwa najua kuendesha gari, wala sikuwahi kuwa na sababu ya kukaa nyuma ya usukani. Nilikuwa nimekaa upande wa abiria. Nimehoji serikali, dini, vyuo na bei ya chumvi. Kile kiti nilichokalia sikukihoji.

Masomo yao yalifanyika zaidi kwenye foleni. Mafuta yalikuwa ya shida miaka ile, na lori lingeweza kukaa siku mbili likisubiri zamu yake Arua. Madereva wengine walilala au walicheza karata. Marjan na Mama Feza walifungua kisanduku. Nilipita mara kwa mara kuwasikiliza, nikisimama upande wa Mama Feza, maana upande wa pili jua lilichoma.

"Hii ni nini?"

"M."

"Na hii?"

"A. Hii A yako iko nyingi sana, Digirii. Kama kumbikumbi."

"Soma yote."

"Ma... fu... ta." Akapiga honi kwa furaha, na foleni nzima ikamtukana.

Kulikuwa na jambo moja lililonishangaza, na ningekuwa mtafiti wa kweli ningelifuata. Marjan alilalamika kwamba vibao vya maduka mjini vimeandikwa na watu wasiojua. "Wachoraji ya Arua iko vibaya," alisema. "Herufi natoka kama nalewa." Mama Feza akacheka, akidhani ni mzaha wa mtu anayeona haya kwamba bado hajui kusoma vibao. Mimi nikakubaliana naye. Wachoraji wa Arua kweli hawakuwa hodari.

Kwenye kizuizi cha barabarani nako kisanduku kilijulikana. Mama Feza ndiye aliyenisimulia. Askari mmoja alikifungua akauliza, "Hii iko redio?" Mama Feza akamwambia, "Mchezo tu, afande. Weka jina lako." Askari akaweka bunduki begani, akatafuta herufi zake kwa kidole, ulimi nje. Jina lilipokamilika akalitazama kwa muda mrefu, akaamuru, "Hapana toa." Wakacheza mpaka Koboko wakilizunguka jina la askari, kwa sababu Marjan alikuwa na hakika kwamba atakaguliwa wakati wa kurudi. Alikaguliwa.

Mvua zikapungua. Siku ya Haji Swaleh ilipofika nilikwenda nao Koboko, nikiwa na visanduku viwili vya kuwapelekea walimu wa huko. Nilikaa nyuma juu ya magunia. Njia nzima Marjan hakupiga honi hata mara moja.

Ghala la Haji lilikuwa na meza kubwa upande wa mlango. Haji alikaa upande mmoja, sisi tukasimama upande wa pili. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, na upole wake ndio uliotutisha. Mezani palikuwa na daftari na sahani ya kuwekea funguo. Sahani ile ilikuwa na ufunguo mmoja tayari, wa dereva mwingine.

"Marjan," alisema, "mimi na wewe natoka mbali. Mimi hapana taka kukuonea. Soma hii tu." Akampa karatasi ya mzigo.

Marjan akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Uso ukambadilika kidogo, kama mtu aliyepewa nguo iliyogeuzwa ndani nje. Kisha, taratibu, akaigeuza karatasi juu chini.

Wapakizi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Haji hakucheka. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi kabla Marjan hajafungua mdomo.

"Basi, ndugu yangu. Mutu nasoma, hapana shika karatasi kichwa chini."

"Haji, ngoja kidogo..."

"Nangoja mvua nzima. Weka ufunguo."

Ndipo nikaelewa. Sijawahi kuelewa jambo haraka namna ile, wala kwa kuchelewa namna ile. Nikaona kabini, kiti cha kushoto, mimi nimekaa pale naimba. Kwa ile miguu iliyobadilishana, herufi zetu zisizogeuzika zilikuwa zimemtazama Mama Feza msimu mzima, na Marjan amezisoma kutoka upande wa vichwa vyao. Kutoka upande ule neno huanzia kulia. Mtu mwingine angesema kuna kitu hakiko sawa. Lakini Marjan alikuwa na kisomo kimoja tu maishani, cha shehe, na kisomo hicho kilianzia kulia. Kwake mambo yalikuwa yanaendelea pale pale alipoyaachia. Hata Mama Feza asingeweza kugundua, kwa sababu kila mara alipouliza, jibu lilikuwa sahihi.

Nikafungua mdomo kueleza. Hebu fikirieni maelezo yenyewe: miguu ya kisanduku, mshale, spoki. Haji alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayetetea ndugu yake.

"Digirii," Marjan alisema pole pole, "nyamaza."

Akautoa ufunguo mfukoni akauweka kwenye sahani. Haji akalifungua daftari, akachovya kalamu, akaanza kuandika. Alikuwa mwandishi wa taratibu, herufi kubwa, za mtu anayeheshimu wino. Marjan alisimama palepale, mikono mitupu, ameinamisha macho. Sote tulidhani anatazama sakafu.

"Mar... jan," alisema.

Haji hakuinua kichwa. Kalamu iliendelea.

"Marjan... ha... ju... i." Akasubiri kalamu kama anavyosubiri Mama Feza achote herufi. "Marjan hajui ku... so... ma." Kisha sauti yake kubwa ikarudi yote kwa mara moja. "Marjan hajui kusoma! Haji, hapo naandika uongo!"

Kalamu ilisimama. Wino ukatoka tone moja.

Haji alilitazama daftari lake, likiwa limemgeukia yeye mwenyewe. Akamtazama Marjan ng'ambo ya meza. Akaandika neno jingine, akilikinga kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akaondoa kiganja.

"Chumvi," alisema Marjan.

Akaandika tena.

"Mabati. Haji, mkono yako iko nzuri. Wachoraji ya Arua ingekuja hapa kujifunza."

Mama Feza alikaa chini juu ya gunia akaanza kucheka, kitenge mdomoni, mabega yakitikisika. Haji alichukua ile karatasi ya kwanza, ya mtihani, akampa tena Marjan. Marjan akaigeuza kichwa chini, safari hii bila haya, akaisoma mpaka mwisho, pamoja na jina la mchapaji lililokuwa chini kabisa, ambalo kwake lilikuwa juu.

"Miaka yote," Haji alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "mimi naandika hapa, dereva nasimama pale. Mimi nafikiri naandika peke yangu." Akausukuma ufunguo kwa kidole. "Chukua. Na kutoka leo, mimi nikiandika kitu, wewe kaa nje."

Tulipotoka nilimwambia Marjan kwamba nitakichukua kisanduku nikibadilishe miguu. Siku ile ile, nilisema, bure, na ninaomba radhi. Sikuwa na mazoea ya kuomba radhi na nadhani niliomba mara nne.

"Kwanza panda," alisema. "Hapana kule. Huku."

Nikapanda nyuma ya usukani, mara ya kwanza maishani mwangu. Kisanduku kilikuwa wazi juu ya mfuniko, na Mama Feza alikuwa ameacha neno lake la mwisho katikati. Kutoka pale nilipokaa herufi zote zilisimama kwa vichwa. Nilianza kushoto, nikakwama. Nikaanza kulia. Nikainamisha shingo, na Marjan akanipiga begani, "Hapana pinda shingo. Mimi napinda shingo, gari naingia mtaroni." Nikainyoosha. Miaka kumi na sita ya shule, na nikawa natafuta herufi ya kwanza kwa kidole, ulimi nje, huku wapakizi wa Haji wakinitazama kutoka mlangoni na Marjan amesimama kwenye kikanyagio, ananisubiri, wala hanisaidii.

"Pole pole, Digirii," alisema. "Hata mimi ilikuwa mvua nzima."